Ulanzi na Sanaa za Mikono: Mwongozo wa Safari kutoka Iyunga hadi Iringa

Huko Stellenbosch, Afrika Kusini, kuna shamba la mvinyo liitwalo Spier, lililoanzishwa mwaka 1692. Mgeni akifika huonja mvinyo, kisha huzunguka akitazama picha, sanamu na mozaiki za wasanii wa kisasa wa nchi ile. Shamba jingine la maeneo hayo hayo, Delaire Graff, limetundika mchoro maarufu wa Vladimir Tretchikoff uitwao "Chinese Girl", ambao mwenye shamba, Laurence Graff, aliununua mwaka 2013. Watu hupanda ndege kwenda kuona mambo hayo, na wanafaidi.

Wewe unayeishi Iyunga, Mbeya, una safari ya aina hiyo bila pasipoti. Nyanda za Juu Kusini zina mvinyo wake, ulanzi, unaogemwa kwenye mianzi. Zina pia wasanii wanaofuma, wanaofinyanga, wanaotengeneza karatasi na kutunga shanga. Ila vitu hivi viwili havikai nyuma ya geti moja lenye kibanda cha tiketi. Lazima uviunganishe mwenyewe, na ndiyo maana mwongozo huu umeandikwa.

KWA NINI USAFIRI, WAKATI ULANZI UNALETWA MJINI

Ulanzi haungoji mtu. Utomvu wa mwanzi huanza kuchacha tangu unapodondoka, kwa sababu chachu iko tayari kwenye chombo, kwenye hewa na kwenye miguu ya nyuki. Asubuhi ni mtamu kama maji ya sukari. Huo huitwa mtogwa. Ukilala siku moja au mbili unakuwa mkali na wenye uchachu. Huo ni mkangafu. Hakuna kizibo kinachousimamisha. Kwa hiyo ulanzi unaoufikia mji wa mbali ndani ya dumu ni kinywaji kingine kabisa, na anayetaka kuujua mtogwa sharti aende mwanzi ulipo.

Kwa sanaa sababu ni hiyo hiyo kwa njia nyingine. Kikapu cha Iringa utakikuta Dar es Salaam, na hata Ulaya, kikiwa kimening'inizwa dukani bila jina la aliyekisuka. Ukikinunua Iringa unaweza kuuliza ni nani aliyekisuka, majani ya milulu yamekatwa wapi na rangi imetoka wapi. Majibu hayo ni nusu ya thamani ya kazi, na dukani hayauzwi.

MSIMU: JAMBO LA KWANZA KUAMUA

Watu wengi hukosea hapa. Wanachukua likizo ya Julai, wanafika Iringa kwenye baridi kali, na hawakuti tone la ulanzi mpya. Mwanzi wa ulanzi hugemwa kwenye machipukizi, na machipukizi hutoka wakati wa mvua. Kwa hiyo:

• Januari hadi Aprili ndiyo miezi ya kutegemea. Ulanzi ni mwingi na bei iko chini.
• Desemba na Mei unaweza kubahatisha, kutegemea mvua za mwaka huo.
• Juni hadi Novemba nenda kwa ajili ya sanaa tu. Sanaa haina msimu.

Ubaya wa miezi ya ulanzi ni kwamba njia za vijijini huwa matope matupu. Panga safari ukijua hivyo, na chagua kijiji kilicho karibu na lami.

Ratiba ninayoipendekeza ni hii: Ijumaa kusafiri, Jumamosi asubuhi sanaa na jioni ulanzi, Jumapili kurudi. Sanaa itangulie, nasi tuwe wakali katika hilo. Anayeingia kwenye karakana akinuka pombe anawavunjia heshima mafundi, na jicho lake limeshapungukiwa uwezo wa kuona.

KABLA HUJAONDOKA

☐ Kitambulisho cha taifa. Kwenye makumbusho kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni.
☐ Noti ndogo ndogo za kutosha. Mgema hana chenji ya elfu kumi, na mtandao wa simu huweza kukwama.
☐ Viatu vya matope na koti la mvua. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jioni ya mvua ni baridi.
☐ Kikombe chako. Hii si dharau kwa mwenyeji, mradi ukitoe kwa adabu.
☐ Magazeti ya zamani na kanga moja au mbili za kufungia utakavyonunua.
☐ Daftari dogo na kalamu. Utaona sababu yake mbele.
☐ Maji ya kunywa na chakula cha kutosha tumboni.

NJIANI

Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ya TANZAM: Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga, Ifunda, ndipo Iringa. Tenga nusu siku nzima. Treni ya TAZARA haitakusaidia, kwa kuwa reli hugusa Makambako kisha inakata kuelekea Mlimba bila kufika Iringa.

1. Panda basi la asubuhi. Toka Iyunga mapema uwahi stendi, maana barabara kati ya Iyunga na Uyole hujaa malori.
2. Uliza wazi kama basi linaingia Iringa mjini au linapita tu. Mji uko juu ya kilima. Mabasi yaendayo Dar es Salaam hupita chini, upande wa Ipogolo. Ukishushwa huko, panda daladala au bajaji kupandisha mjini.
3. Kaa upande wenye dirisha ukifika Mafinga. Kuanzia hapo utaanza kuona vichaka vya mianzi karibu na nyumba, na wakati wa msimu utaona madumu ya ulanzi yamepangwa kando ya barabara. Usinunue kwenye basi. Hujui umekaa siku ngapi, na bado una safari.

Ukienda na gari lako, mchague dereva kabla ya kuondoka, naye asionje kitu safari nzima. Barabara hii ina malori ya Zambia na Kongo mchana na usiku, ina miteremko kama ule wa Mlima Nyoka, na askari wana vipima ulevi. Ulanzi mtamu ni pombe vilevile. Utamu wake ndio unaowadanganya watu.

JUMAMOSI ASUBUHI: SANAA

Anzia Neema Crafts. Kituo hiki kilianzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, na mafundi wake ni watu wenye ulemavu, wengi wao viziwi. Kilianza na karatasi iliyotengenezwa kwa kinyesi cha tembo, na mpaka leo hicho ndicho kitu ninachomwambia kila mtu akakione. Tembo hula majani na magome mengi lakini husaga kidogo, hivyo kinyesi chake kimejaa nyuzinyuzi. Huoshwa, huchemshwa, hupondwa, kisha rojo huchotwa kwa wavu uliofungwa kwenye fremu. Maji yanachuruzika, utando mwembamba unabaki, unakandamizwa na kuanikwa. Shika karatasi moja uielekeze kwenye mwanga: utaona kipande cha jani la porini ndani yake. Haina harufu yoyote. Utakuta pia wafumaji, washonaji na watunga shanga.

Namna ya kuzunguka karakana ya viziwi:

1. Simama mbele ya fundi, akuone. Ukitaka kumwita, punga mkono au mguse bega taratibu. Usipige kelele, hasikii, na wenzake wanaosikia wataona aibu kwa niaba yako.
2. Zungumza ukimtazama yeye hata kama kuna mkalimani. Wewe unaongea na fundi.
3. Kama hujui ishara, andika kwenye daftari lako. Kwenye mgahawa wao pia huwa unaagiza kwa kuandika au kwa ishara.
4. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ukatae mwenyewe kupiga picha ya ulemavu wa mtu. Piga mikono inayofanya kazi, piga kazi yenyewe.

Kosa la wageni wengi ni kununua kwa huruma. Wanachukua kitu wasichokipenda, wanalipa, wanakwenda kukisahau kabatini. Fundi huyu anataka usifie mshono wake ukiwa mzuri na uulize ukiona umekaa upande. Chagua kitu utakachokitumia.

Ukitoka hapo nenda Iringa Boma. Ni jengo la enzi za Wajerumani lililogeuzwa kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni mwaka 2016, kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Iringa uitwao Fahari Yetu. Mle ndani tazama vyombo vya pombe na vyombo vya nyumbani kwa utulivu, kwa sababu jioni utaona vyombo vya namna hiyo vikiwa kazini. Wahudumu wa Boma pia ni watu wazuri wa kuwauliza habari za wenyeji wa kukupeleka kijijini.

Vikapu vya milulu ndiyo sanaa ya Iringa inayojulikana zaidi duniani, na vinasukwa na akina mama wa vijijini kwa majani ya milulu yanayoota kwenye maeneo yenye majimaji. Vikundi kama Vikapu Bomba vimewaunganisha wasusi na masoko ya mbali. Kabla hujalipa, kikague hivi:

☐ Kiweke mezani. Kitako kikae sawa bila kutikisika.
☐ Kinuse. Harufu ya ukungu maana yake milulu haikukauka, kitaharibika.
☐ Sugua rangi kwa kitambaa chenye maji. Ikitoka kidogo si neno, ikitoka nyingi itachafua nguo.
☐ Vuta mkono wa kikapu kwa nguvu kiasi. Hapo ndipo vinapoanzia kufumuka.
☐ Uliza jina la msusi, uliandike na ulibandike ndani ya kikapu ukifika nyumbani.

Kuhusu bei, kikapu kikubwa ni kazi ya siku nyingi: kukata milulu, kuanika, kupaka rangi, kusuka. Punguzo la heshima linaombwa, hasa ukinunua zaidi ya kimoja. Lakini kumbana msusi mpaka abaki na nauli tu ni kuiua kazi hiyo, kwani binti yake anatazama, na akiona hailipi hatajifunza.

Kama una nafasi ya saa moja zaidi, michoro ya miambani ya Igeleke iko karibu na mji. Ni ya kale, si ya kisasa, lakini itakuonyesha kwamba watu wa huku wameanza kuchora zamani sana. Usiguse mwamba na usimwagie maji ili picha zionekane vizuri. Mafuta ya mkono na maji huiharibu.

JUMAMOSI JIONI: SHAMBA LA ULANZI

Mgema hukata chipukizi mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kwa kuwa asubuhi umeitumia kwenye sanaa, lenga zamu ya jioni. Fika kijijini kwenye saa tisa, ili saa kumi na nusu uwe umemaliza na giza likukute lami.

1. Nenda na mwenyeji. Kila kichaka cha mianzi kina mwenyewe. Kilipandwa na baba au babu. Kuingia peke yako ukiwa na kikombe mkononi ni wizi machoni pa watu.
2. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji. Dakika tano hizo zinakupa ulinzi wa kijiji kizima.
3. Salimia. "Kamwene" inafungua milango kwa Wahehe, na kwa mzee shikamoo haiachwi. Mwite baba au mama, hata kama umri wenu haujapishana sana.
4. Patana bei kabla. Sema unataka kuona anavyogema, kuonja, na kununua kiasi fulani. Lipia muda wake pia, kwa sababu anayekueleza anachelewa kazi.
5. Tazama kwanza. Chipukizi likiwa bado laini hukatwa ncha, na chini yake hufungwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilichokomaa chenye fundo upande mmoja. Kila zamu mgema anaondoa kipande chembamba sana kwa kisu kikali, jeraha linafunguka upya na utomvu unaendelea kudondoka. Akikata kinene analimaliza chipukizi mapema. Akikata chembamba mno hakitoki kitu. Tazama mkono wake usivyositasita: huo ni ufundi kama wa yule uliyemwona asubuhi akichota karatasi, na mbeta yenyewe, kwa mdomo wake ulivyochongwa, ingeweza kukaa makumbusho.
6. Uliza anaacha machipukizi mangapi yakue. Mgema mzuri hagemi yote, kwa sababu yale yanayoachwa ndiyo mianzi ya miaka ijayo. Jibu lake litakuambia kama shamba lile litakuwepo.
7. Onja. Desturi nzuri ni mwenyeji kuonja kwanza mbele yako. Ngoja afanye hivyo. Hakikisha umechujwa, maana nyuki na wadudu huingia kwenye mbeta. Anza na mtogwa nusu kikombe, kisha mkangafu kidogo ulinganishe. Kaa na ladha mdomoni: utamu, uchachu, na ubichi wa majani unaobaki nyuma.

TAHADHARI

Ulanzi haujachemshwa wala kupitishwa kiwandani. Tumbo lisilozoea linaweza kukorofisha, kwa hiyo usizidishe. Angalia ndoo na jagi. Kama ni vichafu, shukuru na ukatae.

Ukipewa kitu kiangavu kama maji na kikali kinachounguza koo, huo si ulanzi, ni gongo. Gongo ni haramu kisheria na huua watu. Weka chini, ondoka.

Mtoto chini ya miaka 18 haonji, hata ukiambiwa ni mtamu tu. Mjamzito na anayetumia dawa vivyo hivyo. Nao waje, kuna mengi ya kuona.

Ukibeba ulanzi kwenda nao, usifunge dumu kabisa. Toboa mfuniko tundu dogo au uulegeze, na usilijaze. Gesi ya kuchacha ikikosa njia italipasua dumu ndani ya basi, juu ya mizigo ya watu. Na likishafika Iyunga, jua kwamba unakunywa mkangafu.

KAMA UNATAKA MVINYO WA ZABIBU

Kutoka Iringa kuna barabara ya lami kupitia Mtera hadi Dodoma, mji wa zabibu wa Tanzania. Huko zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalipati. Kiwanda cha CETAWICO kiko Hombolo, misheni ya Bihawana ina mvinyo wake wa siku nyingi, na kituo cha utafiti cha Makutupora ndicho kilichoipa jina aina ya zabibu nyekundu inayopendwa pale. Ongeza siku mbili kwenye ratiba, na uombe nafasi ya kutembelea kabla hujaondoka nyumbani.

KAMA IRINGA NI MBALI

Elekea upande wa pili, Tukuyu hadi Kyela na Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Wakisi wa Ikombe hufinyanga vyungu bila gurudumu, kwa mikono, na kuvipaka nakshi ya udongo wa rangi. Soko la Lyulilo, karibu na Matema, hujaa vyungu siku ya Jumamosi. Vyungu hivi vimekuwa vyombo vya maji, vya mboga na vya pombe miaka na miaka. Kabla ya kununua, kining'inize kwa vidole na ukigonge kwa kifundo cha kidole: kikilia kwa sauti safi ni kizima, kikitoa sauti iliyopooza kina ufa. Kijaze nyasi kavu ndani, kifunge kanga nje, na ukipakate. Usikubali kiingie kwenye buti la basi.

UKIRUDI IYUNGA: KWA MWENYE BAA AU MGAHAWA

Iyunga kuna kiwanda cha bia na kuna baa, na kuta za baa nyingi zimejaa mabango ya makampuni. Ningependa kuona moja ikitundika kazi za vijana wa Mbeya. Hakuna gharama kubwa, ila kuna utaratibu:

1. Anza na wasanii wawili au watatu, kazi chache. Ukuta uliojazwa hauonyeshi kitu.
2. Andikianeni mkataba wa ukurasa mmoja: kazi zipi, zinakaa muda gani, bei ya kila moja, asilimia yako ikiuzwa, na nani analipa ikiharibika. Kila mmoja abaki na nakala.
3. Bandika karatasi pembeni ya kila kazi yenye jina la msanii, mwaka, vifaa na bei. Jina lisikosekane kamwe.
4. Usichapishe picha ya kazi hiyo kwenye fulana au tangazo lako bila ruhusa ya maandishi. Kununua mchoro hakukupi hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda msanii, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ndiyo inayoshughulikia.
5. Tundika mbali na jiko la nyama choma, mbali na jua la dirishani, na juu ya usawa wa migongo ya viti. Ukuta unaolowa wakati wa masika uuache wazi, au weka vibao vidogo nyuma ya fremu ili hewa ipite.